Kuta za Yeriko: kwa nini It Happened One Night (1934) haichuji?

Kiti_cha_Nyuma

Wadau, naomba tuichambue picha hii kifundi. Sifa zake zimeshaandikwa za kutosha. Nataka kujua imeundwaje.

Kwa ambaye hajaiona: Frank Capra ndiye mwongozaji, Robert Riskin aliandika skripti kutokana na hadithi fupi ya Samuel Hopkins Adams iitwayo "Night Bus", na studio ya Columbia waliitoa Februari 1934. Dakika 105, nyeusi na nyeupe. Ellie Andrews (Claudette Colbert), binti wa tajiri, ameolewa kwa siri na rubani maridadi aitwaye King Westley. Baba hataki kusikia ndoa hiyo, anamzuia kwenye boti yake ya anasa huko Miami. Binti anajirusha baharini, anaogelea, anatokomea, halafu anapanda basi la usiku kwenda New York. Kiti cha pembeni yake amekaa Peter Warne (Clark Gable), mwandishi wa habari aliyetoka kufukuzwa kazi. Wanagombana njia nzima, wanaishia kupendana. Imekwisha.

Ukiisimulia hivyo haina jipya lolote. Lakini watu wakiwekewa leo wanacheka palepale palipokusudiwa, na mwishoni chumba kizima kinatulia. Picha zilizoiga mtindo huu hazihesabiki, na nyingi zinachosha kabla ya nusu saa.

Maswali yangu ni haya: kinachomshika mtazamaji ni nini hasa, waigaji wanakosea wapi, na ni matukio gani yanafaa kufumuliwa mshono kwa mshono na watu wanaotaka kuandika filamu fupi ya dakika 10 hadi 15? Tafadhali msinijibu kwamba wale wawili waliendana tu. Hilo naliona. Nauliza waliendanishwaje.

Fundi_Mkasi

Mtoa mada, jibu fupi: blanketi.

Jibu refu sasa. Mvua imebomoa daraja, basi limekwama, na hawa wawili wanalala kibanda kimoja kwenye kambi ya wasafiri wa magari, wakiwa wamejiandikisha kama mume na mke. Peter anafunga kamba katikati ya chumba, anatundika blanketi, analiita kuta za Yeriko. Anamtoa Ellie hofu kwamba yeye hana tarumbeta.

Angalia blanketi hilo linavyofanya kazi. Kwanza, kizuizi kati yao kimekuwa kitu cha kupigwa picha. Kamera inaweza kukaa upande huu au ule, au ikakaa usawa wa kamba na kuwaona wote wawili huku wao hawaonani. Pili, kizuizi chenyewe ni dhaifu: Ellie anatupia nguo zake juu yake, blanketi linacheza, na Peter anamwomba aziondoe. Ukuta wa matofali usingetoa tukio hilo. Tatu, na hapa ndipo Riskin alipotushinda akili, jina lenyewe ni ahadi. Anayeijua Yoshua sura ya 6 kwenye Biblia, kuta za Yeriko zinapoangushwa kwa tarumbeta, ameshaambiwa mwisho wa picha dakika ile ile. Ataanguka nani? Ukuta. Kwa nini? Tarumbeta. Kilichobaki ni lini, na hamu yote ya saa nzima inayofuata imening'inia kwenye kamba moja.

Kisha linarudi mara mbili tu. Usiku wa kambi ya pili, anayevuka ni Ellie, si mwanamume. Anazunguka blanketi, anasema wazi kwamba anampenda, na Peter, akiwa ameduwaa, anamwambia arudi kitandani kwake. Mara ya mwisho hatuwaoni kabisa. Tunawaona wenye kambi, mume na mke wazee, wakishangaa wale wageni wapya walihitaji kamba, blanketi na tarumbeta ya mtoto kwa kazi gani. Mlio wa tarumbeta unasikika, blanketi linaanguka sakafuni, taa inazimwa. Steringi na mpenzi wake hawamo kwenye picha, na hakuna anayelalamika.

Jambo jingine ambalo wengi hawaligundui hadi waambiwe: hawa wawili hawabusiani hata mara moja. Kwenye nyasi kavu usiku nyuso zinakaribiana kabisa, halafu Peter anajiondoa. Ndiyo hivyo tu. Mtazamaji anatoka akiamini ameona mabusu.

Waigaji wanakosea hapa: wanaweka kizuizi ambacho hakionekani. Mara nyingi ni kutoelewana ambako sentensi moja ingekumaliza, kwa hiyo mtazamaji anakaa akiwadharau wahusika badala ya kuwatakia heri. Kosa la pili ni kutumia kitu kizuri mara moja na kukisahau. Kwa filamu fupi, chagua kitu kimoja, kitokee mara tatu, na kila mara aliyekishika awe mwingine au kazi yake iwe imebadilika. Mara nne ni nyingi. Mara mbili mtu hajakizoea kiasi cha kukikosa.

Na naona mtu atakuja kusema blanketi lilikuwa hila ya kuwakwepa wadhibiti. Kanuni za maadili za Hollywood zilikuwapo tangu 1930, lakini usimamizi mkali ulianza Julai 1, 1934, zaidi ya miezi minne baada ya picha hii kutoka. Picha nyingi za miezi ile zilionyesha mengi kuliko hii. Hawa waliamua kutoonyesha kwa sababu kunachekesha zaidi na kunaunguza zaidi.

Mama_Daftari

Blanketi nakubali. Lakini blanketi bila njaa lingekuwa mchezo wa watoto. Fuateni chakula na hela, ndipo mtaona mapenzi yanavyokua bila mtu kuyatamka.

Picha inaanza na Ellie akigoma kula. Baba yake anamletea nyama motomoto, anaikula mbele yake kwa makusudi, na binti anaisukumia mbali sahani. Yaani ni mtu anayeweza kuufanya mlo kuwa silaha kwa sababu hajawahi kuukosa. Baadaye, kwenye kambi ya kwanza, Peter anampikia kifungua kinywa: yai, donati, kahawa. Pale anamfundisha kuchovya donati: usiiache ikalowa, chovya kidogo na upeleke mdomoni haraka, la sivyo italainika na kuangukia kikombeni. Halafu fedha zinaisha, wanalala shambani, na chakula pekee ni karoti mbichi. Ellie anazikataa kwa kinyaa. Siku inayofuata, Peter akiwa bado amenuna kwa sababu ya ugomvi wao, anamwona binti yule wa boti ya anasa anatafuna karoti kimyakimya kando yake. Uso wake unalegea. Hakuna neno. Huo ndio wakati ambao ukimuuliza mtazamaji makini ni lini Peter alikwisha, atakutajia.

Nyama, yai, karoti. Chakula kinashuka thamani, wao wanapanda. Mwandishi mchanga angefanya kinyume: angewapeleka kwenye hoteli ya kifahari yenye mishumaa.

Sasa hela. Baba ametangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayetoa habari za binti yake. Peter anaijua zawadi hiyo. Mwishoni, wakati kila mtu anaamini alikuwa anaifuatilia, anakwenda kwa mzee na madai ya dola 39 na senti 60. Na anazo hesabu: fedha taslimu 8.60, koti 15, sanduku 7.50, kofia 4, mashati 4.50. Jumlisheni wenyewe. Ni vitu alivyouza ili kupata mafuta ya gari. Mzee haamini macho yake, anamuuliza kama hataki zile 10,000, na jamaa anakasirika.

Kiasi hicho kidogo na kisicho cha duara ndicho kinachomthibitisha. Angesema "sitaki hela yako" tungemwona anajitukuza. Kwa kudai 39.60 anaonyesha ana haki, ana kiburi, na ameumia. Mwandishi wa mapenzi akiniuliza siri, nitamwambia aandike stakabadhi.

Kumbukeni pia ulikuwa mwaka 1934, katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi Marekani. Kuna mwanamke kwenye basi anayezimia kwa njaa, na mtoto wake analia pembeni. Tukio lile ni fupi, halina mzaha, na Capra haliongezei chumvi. Lakini baada yake, kila senti tunayoona ikitoka mfukoni ina uzito.

Kiti_cha_Nyuma

Aisee. Hiyo ya karoti ilinipita kabisa.

Nina mawili yanayonisumbua. La kwanza: Peter anaondoka usiku kwenda New York kuuza habari yake ili apate dola 1,000 za kumwoa Ellie kwa heshima. Haachi hata karatasi ya maneno mawili. Wenye kambi wanaona gari halipo, wanamtimua binti, naye anadhani ametelekezwa. Je, huku siko kule kutoelewana kwa sentensi moja ambako Fundi_Mkasi amekulaani?

La pili: vipigo. Baba anamzaba kofi pale boti. Peter anamchapa makalioni wakivuka kijito. Mwishoni anamwambia baba kwamba binti anahitaji mwanamume wa kumpa kibao kila siku. Watazamaji wa leo wanaganda hapo. Mnalizungumziaje?

Skripti_Kwanza

La kwanza umelikamata sawasawa. Hapo ndipo kiungo dhaifu kuliko vyote kwenye skripti, na hakuna haja ya kukitetea sana. Angalia tu jinsi walivyokifunika, kwa sababu mbinu za kufunika nyufa nazo ni somo.

Kwanza, kosa linatokana na tabia. Tumemwona Peter tangu tukio lake la kwanza, ndani ya kibanda cha simu, akimfokea bosi wake mbele ya wenzake walevi, ilhali bosi ameshakata simu. Ni mtu anayetaka kuonekana amemaliza mambo kabla hayajamalizika. Mtu wa namna hiyo haachi barua. Anataka arudi na hela mkononi binti akiwa bado usingizini. Pili, kosa halipewi muda wa kupoa. Tunahamia haraka kwenye gari bovu la Peter likirudi kambini huku yeye anaimba, na msafara wa magari ya baba ukipita na Ellie ndani. Mtazamaji ana uchungu kabla hajapata nafasi ya kuuliza maswali. Tatu, anayelifumbua fundo ni mtu ambaye hatukumtarajia: baba.

Huyo baba (Walter Connolly) ni hazina. Alianza kama kizuizi, na mwandishi mvivu angemwacha hivyo. Badala yake, mzee anakutana na Peter, anasikia zile 39.60, anamuuliza moja kwa moja kama anampenda binti yake, na baada ya kukwepakwepa jamaa anakiri kwa hasira kwamba ndiyo, na kwamba hata yeye ana wazimu kidogo. Basi mzee, huku anamshika binti mkono kumpeleka mbele ya mchungaji, anamnong'oneza kwamba Peter hakutaka zawadi, na kwamba gari linamsubiri kwenye geti la nyuma. Aliyeanza kwa kumzuia asikimbie anamalizia kwa kumsaidia kukimbia. Ukiwa na wahusika wanne tu katika filamu fupi, mmoja ageuke hivi na hutahitaji wa tano.

Kuhusu vipigo, sitavipaka rangi. Ni vya wakati wake na vimechacha. Lile la kibao kila siku linasemwa kwa hasira na mtu aliyeumia, na baba hajibu kwa kuunga mkono, lakini limekusudiwa kuchekesha na leo halichekeshi. Vitaje mapema kabla ya kuanza onyesho, sentensi moja inatosha, ili watu wasishtuke na kupoteza dakika kumi zinazofuata. Usivikate. Ukivikata, mtu aliyeiona nzima atasema unaficha.

Kinachoiokoa picha katika suala la wanawake ni mpango wa "nani anajua". Peter anajifanya mtaalamu wa kila kitu: kuchovya donati, kubeba mtu mgongoni, kuomba lifti. Zaidi ya mara moja anatishia kuandika kitabu juu ya somo lake. Mara mbili za kwanza anashinda. Mara ya tatu anaonyesha mitindo yake mitatu ya kidole gumba, magari yanapita wii wii, hakuna hata moja linalopunguza mwendo. Ellie anashuka kwenye uzio, anapandisha sketi kidogo, gari la kwanza linafunga breki. Somo limegeuka. Tangu hapo hamfundishi tena kitu.

Reli_ya_Zamani

Mnaongea kana kwamba skripti ilijicheza yenyewe. Gable alikuwa nyota wa MGM, wakamwazima kwa Columbia, ambayo wakati ule ilikuwa studio ndogo isiyo na hadhi. Colbert alikuwa wa Paramount, na alikubali kwa masharti: dola 50,000, na kazi iishe ndani ya wiki nne. Hakuna hata mmoja aliyeitaka. Picha ikachukua Oscar tano kubwa kwenye sherehe za 1935: picha bora, mwongozaji, mwigizaji wa kiume, wa kike, na uandishi. Haikurudiwa hadi One Flew Over the Cuckoo's Nest ya 1975, kisha The Silence of the Lambs ya 1991. Mkiwatoa wale wawili mkaweka wengine, skripti hiyo hiyo inakufa. Ushahidi upo: Columbia wenyewe waliirudia mwaka 1956 kwa jina You Can't Run Away from It, ya rangi, skrini pana, nyimbo, na Jack Lemmon na June Allyson. Nani anaikumbuka?

Mama_Daftari

Ndugu yangu, ushahidi wako unanisaidia mimi. Jack Lemmon hakuwa mwigizaji dhaifu hata kidogo. Kilichobadilika ni rangi, upana na nyimbo. Ile ya 1934 karibu haina muziki wa nyuma kabisa. Baada ya majina ya mwanzo unabaki na injini ya basi, mvua, vyura na sauti za watu. Wimbo mkubwa ni ule wa kijana wa bembea, unaoimbwa na abiria wenyewe ndani ya basi, kila mtu na ubeti wake, hadi dereva naye anaimba na kuliingiza basi mtaroni. Wimbo una kazi ndani ya hadithi: unafanya basi kuwa familia, halafu unalikwamisha. Ukiweka nyimbo za kusimama na kuimba, ukimya wa karoti unaupata wapi?

Zilipendwa_Bombay

Hapo kwenye nyimbo nitapinga kidogo, maana Wahindi wameithibitisha kinyume. Chori Chori ya 1956, Raj Kapoor na Nargis, ni hadithi hii hii na nyimbo zake hazijazeeka. Dil Hai Ke Manta Nahin ya 1991, Aamir Khan na Pooja Bhatt, Mahesh Bhatt akiongoza, nayo ni hii hii: binti kamkimbia baba, basi, mwandishi wa habari, na baba (Anupam Kher) anayemwambia binti akimbie harusini. Zimefanikiwa kwa sababu waliuelewa uti wa mgongo: baba anayegeuka, deni dogo badala ya zawadi kubwa, na watu wawili wasio na hela barabarani. Nyimbo zao zinafanya kazi ambayo kule inafanywa na ukimya: kusema kile wahusika bado wanakikataa. Kwa hiyo si nyimbo zilizoiua ile nyingine ya 1956. Waliubeba mwili wakaacha mifupa.

Mama_Daftari

Sawa, hapo umenishinda. Narekebisha: wimbo uwe na kazi.

Fundi_Mkasi

Turudi kwa mtoa mada, aliuliza matukio ya kufumua. Ningechukua matatu tu, na kila moja kwa sababu yake.

La wapelelezi wa baba, asubuhi ya kambi ya kwanza. Watu wanagonga mlango, Peter na Ellie papo hapo wanajifanya mke na mume wanaogombana, yeye binti wa fundi bomba, nywele zimevurugwa, kelele, machozi. Wapelelezi wanaondoka wakiomba radhi. Hili ndilo tukio muhimu kuliko yote kwa anayetaka kujua wawili wanaendanishwaje. Mpaka hapo walikuwa maadui. Sasa wamelazimika kudanganya pamoja, bila kupanga, na kila mmoja anagundua mwenzake ni hodari. Wanabaki wanacheka. Tafuta tukio kama hilo kwa wahusika wako na liweke kabla ya katikati: hatari ya nje, sekunde chache za kufikiri, uongo mmoja unaohitaji watu wawili. Makosa ya kawaida ni mawili. Mmoja anaongoza uongo na mwingine anafuata tu, au hatari si ya kweli, kwa hiyo ustadi wao hauna bei.

La lifti, kwa ajili ya ukataji. Itazame bila sauti. Gumba la Peter tunaliona kwa shoti ndefu, bila haraka, magari yakipita moja baada ya jingine mpaka tunaona aibu. Inapofika zamu ya Ellie, kila kitu ni kifupi: mguu, breki, gurudumu linasimama, na mara wako ndani ya gari. Hatumwoni dereva akishangaa, hatusikii maombi. Jitihada ndefu na kushindwa, kisha jitihada ya sekunde moja na kufaulu. Uwiano huo ndio kichekesho. Wanaoiga wanaongeza shoti ya dereva akitoa macho, na wameshaua. (Capra alisimulia kwamba Colbert alikataa kuonyesha mguu, akaletwa msichana mwingine wa kumwakilisha, na hapo Colbert akabadili mawazo upesi.)

La mvua usiku wa kwanza, kwa ajili ya mwanga. Joseph Walker, mpigapicha wake, anazima taa za chumba na kuacha mwanga wa dirisha tu, na mvua kwenye kioo. Sauti zinapungua, komedi inasita, na kwa mara ya kwanza tunawaona wakiwa peke yao ingawa wako chumba kimoja. Komedi ya mapenzi isiyo na dakika mbili za namna hii inabaki komedi.

Namna ya kufanya kazi: mara ya kwanza tazameni yote bila kusimamisha. Mara ya pili matukio hayo matatu bila sauti. Mara ya tatu sauti bila picha, mkigeuza skrini ukutani. Hapo mtasikia mazungumzo yanavyopokezana, na kwamba sentensi nyingi hazizidi maneno kumi. Kisha kila mtu aandike ukurasa mmoja wa watu wawili na kitu kimoja kati yao, bila neno "nakupenda" wala "nakuchukia". Ukurasa mmoja wa skripti ni kama dakika moja ya picha, kwa hiyo hakuna visingizio vya urefu.

Kiti_cha_Nyuma

Nimeelewa. La mwisho, la kiufundi: kuna lolote la kuangalia kwenye skrini? Nakala nilizoona mtandaoni zina nyuso pana kama sahani.

Skripti_Kwanza

Nyuso pana maana yake runinga imeivuta picha. Hii ilipigwa kwa uwiano wa 1.37 kwa 1, karibu mraba, kwa hiyo lazima ubaki na weusi kushoto na kulia. Kwenye mipangilio chagua uwiano wa asili. Usichague kujaza skrini, kwa sababu ukivuta wananenepa, na ukikuza unakata vichwa na miguu, na kwenye tukio la lifti miguu ndiyo habari yenyewe. Zima pia kile kipengele cha kulainisha mwendo, ambacho kinaifanya filamu ya 1934 ionekane kama taarifa ya habari. Sauti ni ya mkondo mmoja. Spika moja nzuri mbele inatosha kuliko nne za pembeni zenye mwangwi.

Tafuta nakala iliyokarabatiwa. Sony waliifanyia ukarabati wa 4K, na kampuni ya Criterion ikaitoa kwenye diski mwaka 2014. Tofauti inaonekana hasa kwenye usiku wa mvua na wa nyasi kavu: kwenye nakala mbovu giza linageuka tope na machozi ya Colbert hayaonekani. Na kumbuka haki zake bado zina mwenyewe. Marekani haitakuwa ya umma hadi Januari 2030, kwa hiyo onyesho la kikundi nje ya nyumba linahitaji kibali.

Kama ni mtandaoni, zima kile kipengele cha kurukia video inayofuata. La sivyo blanketi litaangukia kwenye tangazo.